Mwenye Kwao Haambiwi Karibu

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, nayo ni siku mama yangu mzazi aliponiletea kiti.

Usicheke kwanza. Najua kwako kiti ni kiti tu. Juzi ulikuja hapa ukaniuliza kama uhamie Mwanza, au ujikaze ufike Dar es Salaam, au ubaki hapa hapa kisiwani, Nansio, uchume machungwa ya baba yako. Nikakujibu kwamba nitafikiri. Ukaondoka umenuna, ukidhani bibi amezeeka, hana tena neno. Neno ninalo. Ila limekaa juu ya kiti hicho, na haliwezi kuinuka mpaka nikueleze kilifikaje pale.

Wakati huo nilikuwa msichana wa rika lako, miguu inaniwasha kama inavyokuwasha wewe. Niliondoka kisiwani na rafiki yangu Konsolata, ambaye tulisoma naye darasa moja na kuimba naye kwaya moja. Tulishuka Mwanza kwa meli moja, kila mmoja na begi lake na mfuko wa machungwa. Konsolata akaangalia vile vilima vya mawe, na nyumba zilizokwea juu ya mawe, na bandari ile iliyojaa watu wa kwetu. Hatujatoka hata getini, mama mmoja muuza dagaa akamwita kwa jina la baba yake na kumuuliza kama yule ng'ombe mwekundu alishazaa. Konsolata akakunja uso.

"Huu mji mdogo, Felista," akaniambia. "Hapa nikipiga chafya, mama ananiambia pole kutoka Nansio."

Hazikupita siku nyingi akapanda treni akaenda Dar. Mimi nikabaki, tena kwa sababu ile ile iliyomkimbiza mwenzangu. Baba yangu alikuwa amefariki, na mama alibaki nyumbani na wadogo zangu. Nilitaka mji, sikatai, lakini nilitaka mji ambao mama akiugua leo, kesho nimeshafika. Nilijiona mwenye akili kuliko Konsolata, na nilimsikitikia kwa kwenda kujipoteza mbali kiasi kile.

Nilipata kazi katika kiwanda cha samaki, kile cha kutoa minofu ya sangara. Tulisimama kwenye meza ndefu, tumevaa buti nyeupe za mpira na vitambaa kichwani, kila mtu na kisu chake chembamba. Sangara analetwa, unapitisha kisu upande huu, unamgeuza, unapitisha upande ule, minofu inaingia kwenye barafu kwenda Ulaya, na kichwa na mifupa vinakwenda kwenye rundo lingine. Sisi tuliyaita mapanki, na watu waliyanunua wakayakaanga. Nilikuwa na mkono mwepesi. Msimamizi alinitolea mfano mbele ya wenzangu, na mimi, kwa ujinga wa ujana, nikaanza kutembea nikiyumbisha mabega.

Nilipanga chumba Mirongo, karibu na soko, na sitaki kukudanganya: Mwanza ilinipokea vizuri. Mji ule una ukubwa wa kutosha kukupa kazi, na una udogo wa kutosha kukujua. Ukiumwa, hospitali ipo, hungoji meli. Ukitaka kujifunza kushona au kompyuta, mwalimu yupo. Ukikosa chumvi, jirani yako Msukuma anakupa, na kesho yake anakufundisha kukausha viazi vitamu vya michembe. Unakula samaki wa jana, si wa mwezi uliopita. Jioni upepo wa ziwa unapanda kwenye mawe, na mtu aliyechoka anapumua.

Lakini hakuna masika yasiyo na mbu. Mji ambao kila mtu anakujua haukuachii siri. Kijana mmoja alinisindikiza siku moja kutoka kanisani, na kabla ya Jumapili iliyofuata mama alishaulizwa mahari ni ng'ombe wangapi. Kijana mwenyewe hata jina lake nilikuwa sijalishika vizuri! Halafu wageni. Kila mtu wa kisiwani aliyekuja hospitali alishukia kwangu, mpaka chumba changu kikawa na mgonjwa mmoja kitandani na wawili kwenye mkeka, na mimi mwenye nyumba nimeegemea ndoo. Kazi nazo si za kuchagua kama Dar. Kiwanda kikipunguza watu, huna kingine cha mlango wa pili cha kukimbilia. Na mvua ikinyesha, ule mto wa Mirongo unabeba taka za mji mzima na kukupitishia mlangoni.

Hayo yote, mema na mabaya, mtu yeyote aliyeishi kule atakuambia. Lakini kuna jambo moja ambalo sikuambiwa na mtu, na ndilo lililonipeleka kwenye kile kiti.

Mwanza ilikuwa karibu mno.

Ukipanda meli asubuhi, chakula cha mchana unakula kwenu. Sasa mtu ambaye kwao ni hapo tu ng'ambo ana haraka gani? Kila Jumamosi nilikuwa nakwenda Nansio wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika, kuna kufua, kuna mazoezi ya kwaya, kuna harusi ya mwenzangu wa kiwandani. Nikajiambia, si ni hapo tu? Na nyumbani napo hapakunipa nafasi ya kupakumbuka, maana kila meli iliniletea salamu na machungwa, nami kila meli nilipeleka sukari na sabuni kwa mikono ya abiria. Mizigo yangu iliujua mlango wa mama kuliko nilivyoujua mimi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, lakini ile yangu haikuniuma hata kidogo, na hapo ndipo palipokuwa na hatari.

Basi mwaka ukaisha, mwingine ukaingia, na mwingine. Ndipo siku moja nikapata likizo nikaenda.

Nilishuka melini nimevaa gauni jipya na viatu vya kisigino ambavyo havikuujua mchanga wa kwetu. Nilimkuta mama uani anaanika muhogo. Aliponiona alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga, akajitengeneza kilemba, kisha akasema, "Karibu. Karibu sana, mama."

Kwa Kiswahili, mwanangu. Mama yangu alinikaribisha kwa Kiswahili.

Wewe ni mtoto wa siku hizi, nyumbani kwenu mnachanganya tu, huwezi kujua hilo lilivyokuwa. Sisi tulisema Kikerewe. Kiswahili kilikuwa cha shuleni, cha bwana afya, cha watu waliokuja na mafaili. Mama alitufokea kwa Kikerewe, alituombea kwa Kikerewe, na siku naondoka kwenda Mwanza alinishika mikono akaniaga kwa Kikerewe. Leo ananiambia karibu kama mtu aliyekuja kuhesabu mifugo. Nilisikia kitu kinanichoma, lakini nikajifariji kwamba mama naye ameendelea, anajifunza lugha ya taifa.

Akaingia ndani, akatoka na kiti cha mbao chenye mikono. Amekitandika kitambaa cheupe cha kufuma. Akakiweka kwenye kivuli cha ukuta, akakipangusa tena kwa upindo wa kanga yake. Nikakaa. Nitafanya nini? Nilikaa pale nimenyooka, nikiangalia wadogo zangu wakiniangalia.

Baadaye kidogo nikaona haya, nikavua viatu nikaenda jikoni. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, anapara furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Nikachukua kisu. Mimi, mtu ambaye wiki nzima kazi yangu ni kukata samaki! Mama akakitoa kile kisu mkononi mwangu taratibu, hakunipokonya, akatabasamu lile tabasamu la kumwonea mtu haya. "Kaa, mama. Moshi utakuharibia nguo. Umetoka safari." Nikarudi kwenye kiti.

Wale furu hata sikuwaona mezani. Nilichinjiwa kuku. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wadogo zangu walikula mapaja siku ile na kunishukuru kwa macho. Lakini kabla ya kula likatokea jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafumba macho. Mama alileta beseni na jagi la maji, akapiga goti mbele ya kiti, akaninawisha mikono.

Unajua kwetu anayenawisha ni mdogo, na anayenawishwa ni mkubwa au mgeni. Na mimi kwa mama yangu si mkubwa. Hilo jingine ndilo lililobaki, na maji yalipopita kwenye vidole vyangu nililijua.

Shangazi Perpetua, dada yake baba, alikuwa anaishi nyumba ya pili. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu, asiyejua kuzungusha maneno. Alikuja baada ya chakula, nikainuka kumwamkia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kaa, kaa kwenye kiti chako." Akanizunguka akikiangalia kile kiti nyuma na mbele. "Unakijua hiki kiti ni cha nani?"

"Si cha hapa, shangazi?"

"Cha hapa? Lini hapa palikuwa na kiti cha mikono? Ni cha mwalimu, yule jirani. Mama yako alisikia kwa abiria kwamba unakuja, akaenda kukiazima jana. Na kitambaa chake."

Nikasimama kama niliyekalia siafu. Shangazi akanishika bega akanikalisha tena.

"Usiinuke. Umeletewa kiti, kikalie. Mama yako alikuwa anaogopa."

"Anaogopa nini, shangazi?"

"Anakuogopa wewe. Mtu ambaye hafiki, wanaobaki wanamtengeneza vichwani mwao. Mama yako amekutengeneza mpaka umekuwa mtu wa kutandikiwa kitambaa. Mgeni ni kuku mweupe, Felista. Kila jicho liko kwake, na hakuna anayemgusa."

Nikajitetea. Nikamwambia kwamba sikuwahi kuacha kuleta sukari, kwamba mimi niko hapo tu Mwanza, siko Dar kama Konsolata aliyekwenda kupotelea huko.

Shangazi akacheka, na hakukuwa na furaha katika kicheko chake. "Konsolata amepotea? Konsolata anakuja kila Krismasi anakaa mpaka nguo zake zinanuka moshi. Krismasi hii iliyopita, siku ya pili tu, nilimwona na ndoo kichwani, mama yake nyuma anamfokea amemwaga maji. Yule yuko mbali na anajua yuko mbali, kwa hiyo anajipanga kurudi. Wewe uko karibu. Umesema karibu, karibu, karibu, mpaka umeambiwa karibu."

Alipoona machozi yananilenga, akalainika kidogo. Akaniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka uzee huu. "Hivi hujajiuliza mara ya mwisho mama yako kukugombeza ni lini? Mgeni hagombezwi, mwanangu. Anayegombezwa ni mwenye kwao."

Usiku ule sikuuona vizuri usingizi. Nilimsikia mama chumba cha pili akimnong'oneza mdogo wangu, kwa Kikerewe, anyamaze asimwamshe mgeni. Hofu iliyonishika hata siwezi kukueleza. Niliona kwamba mama yangu yu hai, mzima wa afya, yuko upande wa pili wa ukuta, nami niko katika kumkosa. Na kosa lenyewe si la kuomba radhi likaisha. Ningemwambiaje, mama acha kuniheshimu? Angenijibu kwa Kiswahili, "Haya, mama," na kesho yake angenichinjia kuku mwingine.

Nilimuuliza shangazi asubuhi nifanye nini. Akasema, "Rudi. Kisha rudi tena. Si kuna msemo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe? Basi ingojee hiyo siku ya tatu. Usiidai. Itakuja yenyewe."

Nikaanza kurudi. Likizo ilipokwisha nilikwenda kazini, na Jumamosi iliyofuata nikapanda meli. Nilifika, nikalala, nikageuza kesho yake. Kazini walinicheka kwamba nimepata mchumba kisiwani. Mwezi haukuisha sijaenda, na mara nyingine nilikwenda mara mbili, hata kama mwili ulikuwa umechoka na ziwa limechafuka.

Na nikwambie, mwanangu, cheo cha ugeni hakivuliwi kwa siku moja. Kinashushwa ngazi kwa ngazi. Mara ya kwanza nilikuta kiti cha mwalimu kinaningoja. Mara nyingine mwalimu alikuwa na wageni wake, nikaletewa kigoda cha nyumbani, mama akiomba radhi. Baada ya hapo mkeka. Chakula nacho hivyo hivyo: kuku akaisha, yakaja mayai, kisha siku moja nikapewa ugali wa muhogo na dagaa kama kila mtu. Wadogo zangu walisikitika sana, maana kuku wao alikuwa mimi. Mimi nilikula wale dagaa nikilamba vidole, moyoni najua napanda.

Lakini neno "karibu" lilikuwa bado lipo mlangoni. Na jikoni nilikuwa bado siingii. Kila nikisogea, mama alinipa kazi za mgeni: kuchagua mchele, kushika mtoto wa jirani, kusoma barua ya mtu. Nikawa nafikiri labda nimechelewa, labda kuna mlango ambao ukishajifunga haufunguki tena.

Sasa fika nami kwenye ile Jumamosi. Ilikuwa mwanzo wa mvua. Meli ilichelewa kutoka, nikashuka Nansio nimelowa, nikatembea na ndala zangu mkononi mpaka nyumbani. Uani hakukuwa na mtu. Jikoni kulitoka moshi, na sauti ya mama akikohoa. Nikasimama mlangoni, nikangoja niambiwe karibu.

Mama alikuwa ameinama anapuliza moto wenye kuni mbichi. Kando yake kulikuwa na beseni la sato wakubwa, mjomba alikuwa ametoka ziwani. Hakuinua hata kichwa. Akasema, na alisema kwa Kikerewe, "Umechelewa wapi wewe? Shika kisu, hawa samaki wanaharibika."

Sikujibu. Niliogopa nikijibu atakumbuka mimi ni nani. Nikachuchumaa na nguo zangu mbichi, nikashika kisu, nikamvuta sato wa kwanza. Mikono ikafanya inachokijua: nikapitisha kisu upande huu, nikamgeuza, nikapitisha upande ule, minofu miwili ikalala safi kwenye sinia, na kichwa na mifupa nikavitupa pembeni. Nikamvuta wa pili. Nikainua macho. Mama ameacha kupuliza moto, ananiangalia kwa mdomo wazi.

"Wewe! Unafanya nini hiyo?"

"Nakata samaki, mama."

"Samaki ndiyo anakatwa hivyo? Na kichwa? Kichwa umemtupia nani? Huko Mwanza wamekufundisha kula samaki asiye na kichwa? Mafuta yote yako huku, utamu wote uko huku, mtoto mzima huoni! Okota! Okota hicho kichwa ukakioshe. Ulizaliwa hapa au uliokotwa?"

Aligomba, mwanangu. Aligomba mpaka wadogo zangu wakaja kuchungulia. Aliniita majina ambayo alikuwa hajaniita tangu nikiwa mtoto wa shule, akaniuliza kama mikono nimeiacha kiwandani, akamwita marehemu baba aje aone. Nami nilikuwa nimechuchumaa na kichwa cha sato mkononi, machozi yananitiririka mpaka kidevuni, na mwili wote umelegea kwa raha. Ule mzigo wa hofu nilioubeba tangu siku ya kiti ulishuka pale pale, kwenye majivu, na sikuuona tena.

Mama akauona uso wangu. "Unalia nini sasa? Hata kitunguu hatujakata."

"Moshi, mama."

"Moshi," akasema, akinitazama kwa pembeni. Akavuta pumzi. "Haya, leta huyo mwingine nikuonyeshe."

Jioni ile, kabla ya kula, niliinuka kuchukua jagi na beseni. Nikapiga goti, nikamnawisha mama mikono. Alinyoosha tu vidole. Shangazi Perpetua alikuwa amekaa kwenye mkeka, alinitazama mara moja akaendelea kumenya ndizi yake.

Tangu hapo sikuambiwa tena karibu kwenye nyumba ile. Niliambiwa umechelewa, umekonda, umenenepa, chumvi iko wapi uliyoagizwa. Na ajabu ni kwamba Mwanza nayo ilianza kunikaa vizuri zaidi mwilini. Nilipokuwa sina uhakika wa kwetu, mji ulinitisha hata kwenye raha zake. Nilipojua kwetu kupo, niliufurahia mji bila woga. Niliolewa huko huko, tukahamia Kisesa, pembeni ya mji, tulipopata kiwanja, tukalea watoto.

Miaka ikapita, macho ya mama yakaingia ukungu. Ndipo ule ukaribu uliokuwa umenipumbaza ukawa neema tupu. Nilimfuata kwa meli, nikamleta mjini kwa madaktari. Alipofika mlangoni kwangu nikajisahau, nikasema, "Karibu, mama." Akasimama pale pale na fimbo yake. "Unanikaribisha mimi? Nionyeshe jiko liko wapi." Akaingia akipapasa ukuta, na hazijapita siku nyingi alishahamisha sufuria zangu zote. Alipofunguliwa macho baada ya upasuaji, kitu cha kwanza alichokiona vizuri nyumbani kwangu ni vumbi juu ya kabati langu, na alilitaja mbele ya mume wangu.

Aliondoka duniani kwa amani, nyumbani kwake, mimi nikiwa nimekuja kama kawaida. Siku ya msiba wanawake walijaa uani, na mmoja wao akapaza sauti, "Jamani, sufuria kubwa liko wapi?" Kila mtu akanigeukia. Na nilijua. Lilikuwa nyuma ya mtungi, limefunikwa na ungo wa zamani, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyeliweka pale. Nikaenda kulichukua. Katikati ya kilio kile nilimshukuru Mungu kwamba sikulazimika kumuuliza mtu vyombo vya mama yangu viko wapi.

Sasa nimestaafu mji, nimerudi kisiwani, nawe umekuja kuniuliza. Jibu langu ndilo hili, mwanangu. Nenda Mwanza. Usibaki kwa woga, wala usikimbilie mbali kwa fahari tu. Mji wa ukubwa wa kati unakufaa wewe unayependa kujulikana na bado unataka kujipima. Utapata kazi, lakini si kila kazi; ukiipata ishike kwa mikono miwili. Watu watakujua, kwa hiyo ishi maisha ambayo habari zake zikipanda meli kabla yako huoni haya kuzifuata. Watu wa kwetu wakishukia kwako na wagonjwa wao, wape mkeka na uji, maana kesho ni wewe. Na usidanganywe na umbali mfupi. Aliye mbali hukumbushwa na umbali wake, aliye karibu hakumbushwi na kitu. Usipeleke sukari badala ya miguu yako. Rudi kabla hujaitwa. Ukirudi vua viatu, ingia jikoni, ukosee, ugombezwe.

Ziwa liwe tulivu kila unapovuka. Mungu akupe mikono yenye kazi, majirani wenye chumvi, na mji utakaokuambia karibu kwa moyo mweupe. Akutunzie na nyumba moja hapa kisiwani isiyokuwa na haja ya kukuambia hivyo.

Na siku utakapokuja kwangu kutoka huko, usingoje mlangoni. Utanikuta nimeinama kwenye moto, nitakuuliza umechelewa wapi, nitakuonyesha ndoo kwa kidevu. Lakini ukiniona nimeinuka, nimejifuta mikono nakuletea kiti, shtuka, mwanangu. Kikatae, ukae chini karibu yangu, uchukue kisu.